Programu Usizoziita: Jinsi ya Kuzibaini na Kuzizuia Kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Kabla hujampelekea fundi kompyuta yako, na kabla hujakubali kwamba dawa yake ni kupigwa Windows upya, bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Itafunguka Task Manager, orodha ya kila programu inayofanya kazi muda huo, zikiwemo zile usizoziona popote kwenye skrini. Chombo hiki kiliandikwa na Dave Plummer, mhandisi wa Microsoft, kikaingia kwenye Windows NT 4.0 mwaka 1996, na hadi leo kimo ndani ya kila Windows. Wengi hawakigusi. Wanavumilia feni inayonguruma, mshale unaoganda na bando linalokwisha kabla ya wiki kuisha, kisha wanalipa ili kila kitu kifutwe, pamoja na picha za familia ambazo hakuna aliyezitunzia nakala.

Mwongozo huu ni wa kompyuta yenye Windows 10 au 11, na hauna nia ya kukufundisha kuua kila jina usilolitambua. Kazi yako ni kujibu maswali mawili kuhusu programu inayokusumbua: ni ya nani, na nani anaiamsha? Swali la pili ndilo linalosahauliwa. Programu uliyoifunga ikarudi baada ya dakika tano imeamshwa na kitu, na kitu hicho kina jina na mahali kilipo. Kuifunga tena na tena bila kukitafuta ni kufyeka ndago na kuiacha mizizi yake ardhini.

Soma kwanza, usifunge

Kwenye Windows 10 huenda likafunguka dirisha dogo lenye majina machache. Bofya More details chini yake. Utaona safu nne: CPU ni kazi ya prosesa, Memory ni RAM inayotumika, Disk ni usomaji na uandikaji wa diski, Network ni intaneti. Bofya kichwa cha safu yoyote, na programu zitajipanga, inayokula zaidi ikikaa juu. Kisha ondoa mkono kwenye mausi na utazame kwa dakika tano. Programu inayopanda hadi asilimia 60 kwa sekunde chache ikashuka haina neno. Unayoitafuta ni ile inayokaa juu muda wote wakati wewe hujafungua chochote.

Itazame safu inayolingana na malalamiko yako. Kama feni inanguruma na mashine inapata moto, soma CPU. Kama folda inachukua nusu dakika kufunguka, soma Disk. Bando likiyeyuka, soma Network. Memory ndiyo inayowatisha watu bure, kwa sababu Windows hutumia RAM iliyo wazi makusudi kuhifadhi vitu inavyodhani utavihitaji. Asilimia 60 au 70 si ugonjwa. Na kama mashine ina RAM ya GB 4 na kivinjari kina tabo ishirini, hakuna mdudu wa kutafuta. Mashine imeelemewa, na programu yoyote inayokuahidi kuiongezea RAM inakudanganya.

Majina mengine yanatisha kuliko yanavyostahili. System Idle Process, utakayoikuta kwenye ukurasa wa Details, mara nyingi huonyesha 90 au zaidi kwenye CPU: hiyo ni sehemu ya prosesa isiyo na kazi, na namba ikiwa kubwa ndiyo heri. Zile svchost.exe zitakuwa nyingi mno. Ni makasha ambamo Windows huendeshea huduma zake, na tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017, kwenye mashine zenye RAM inayozidi GB 3.5 karibu kila huduma hupewa kasha lake. Ndiyo maana idadi yake inashangaza. Antimalware Service Executable ni askari wa Windows mwenyewe, yule anayekagua virusi. Windows Modules Installer Worker hufanya kazi ya kusimika masasisho. Tatu za mwisho zinaweza kuishika diski kwa saa nzima, na kati ya zote hakuna hata moja ya kuzimwa.

Hapo pana jambo linalozikumba hasa kompyuta za nyumbani. Mashine ya ofisini huwashwa kila siku na kazi zake za ndani hugawanyika kidogo kidogo. Ya nyumbani pengine huwashwa Jumapili hadi Jumapili, kwa saa moja tu, mtoto achape kazi ya shule. Saa hiyo hiyo ndiyo Windows inapata nafasi ya kushusha masasisho, kukagua virusi, kupanga upya faharasa ya utafutaji na kusasisha kivinjari. Kazi ya wiki nzima inamwagika mbele yako, kisha unaizima kabla haijaisha, na Jumapili inayofuata inaanza tena. Kabla ya kumshuku yeyote, iwashe mashine jioni moja, ichomeke kwenye umeme, iunganishe na intaneti na uiache kwa saa mbili au tatu bila kuigusa. Kisha ianzishe upya kwa Restart. Usitumie Shut down kwa kazi hii: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ili iwake haraka kesho, na uchafu wa jana unaweza kurudi nayo. Mashine nyingi zinazodaiwa kuwa na virusi hupona kwa hatua hii peke yake.

Kama baada ya hapo diski bado inakaa asilimia 100, na hakuna programu hata moja inayoonyesha kuitumia kwa wingi, uwezekano ni kwamba diski yenyewe ndiyo inayochoka, hasa ikiwa ni ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka. Nakili faili zako leo. Kubadilisha kwenda SSD kutasaidia kuliko ufutaji wowote wa programu.

Bando linakwenda wapi

Fungua Settings, ingia Network & internet, kisha utafute Data usage. Utakuta kila programu na kiasi ilichotumia katika siku 30 zilizopita. Mara nyingi anayeongoza si mwizi. Ni kivinjari, au OneDrive, au huduma nyingine inayopandisha picha zako mtandaoni kimya kimya kwa sababu mtu alibofya Next bila kusoma siku mashine iliponunuliwa.

Kama unatumia intaneti ya simu, nenda kwenye mtandao wa Wi-Fi uliounganishwa, fungua sifa zake na uwashe Metered connection. Windows itajua kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo: itaahirisha masasisho mengi, na OneDrive itasitisha kazi yake. Halafu ingia Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization. Huu ni mpango wa Windows kuchukua vipande vya masasisho ulivyokwisha kushusha na kuvigawa kwa kompyuta nyingine. Kama umeruhusiwa kuvigawa hadi kwenye intaneti, MB zako zinatoka kwenda kwa watu usiowajua. Uzime, au uache ugawaji kwa kompyuta za nyumbani mwako tu.

Usifike mahali pa kuyazima masasisho kabisa. Tangu mwaka 2003 Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki hutoka saa mbili au saa tatu usiku. Tafuta siku moja baada ya Jumanne hiyo, nunua bando la usiku au nenda penye Wi-Fi ya uhakika, zima Metered connection, yaache yashuke yote. Kompyuta isiyosasishwa ndiyo mlango wa programu nyingi tunazozisaka hapa.

Ni ya nani?

Umepata jina linalokaa juu na hulijui. Libofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague Open file location. Folda itakayofunguka inasema mengi. Faili nyingi za Windows zenyewe hukaa ndani ya C:\Windows\System32. Programu za kawaida hukaa ndani ya Program Files. Faili inayojiita svchost.exe huku ikiishi ndani ya Temp, Downloads au folda ya ovyo chini ya AppData ni tapeli. Tazama na herufi: scvhost na svhost yametungwa kwa macho yasiyosoma kwa makini. Lakini AppData peke yake si ushahidi. Programu halali kadhaa, Spotify na Discord zikiwemo, huishi humo.

Kisha bofya kulia faili hilo, Properties, na utafute ukurasa wa Digital Signatures. Hapo pana saini ya kampuni iliyolitengeneza. Faili lisilo na saini si lazima liwe baya, kwani watengenezaji wadogo wengi hawana, ila linapojiita la Microsoft, Google au Adobe bila saini ya kampuni hiyo, hapo pana sababu ya kushuku.

Ukibaki na shaka, lipeleke VirusTotal, huduma ya bure iliyoanzia Uhispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Hulipitisha faili kwa makumi ya vikagua virusi kwa mpigo. Wawili wakilalamika na wengine wote wakikaa kimya, mara nyingi ni kosa la wale wawili. Ishirini wakilalamika, umeshampata. Usipeleke huko hati zako binafsi, maana zinazopandishwa zinaweza kuonwa na wengine; peleka programu tu.

Wapo pia wasio virusi lakini hawana kazi kwako. Kompyuta mpya huja na majaribio ya bure ya vikagua virusi, michezo, na wasaidizi wa kampuni iliyoiunda. Upya wa mashine si dhamana ya usafi: kati ya mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015 Lenovo iliuza laptopu zikiwa na Superfish, programu iliyopachika matangazo ndani ya kurasa za intaneti na kudhoofisha ulinzi wa mawasiliano ya siri hadi ya benki. Iligunduliwa Februari 2015 na kampuni ikalazimika kutoa chombo cha kuiondoa. Mashine ya mtumba ina hatari yake nyingine: huenda ndani yake ikabaki AnyDesk au TeamViewer, programu halali za kuiendesha kompyuta ukiwa mbali. Kama huzitumii na hukuziweka wewe, ziondoe leo hii, kwa sababu aliyeziweka anaweza kuwa bado ana nywila ya kuingilia.

Nani anaiamsha?

Sasa tufike kwenye mizizi. Mahali pa kwanza na pepesi ni Startup apps, ndani ya Task Manager hiyo hiyo. Hizi ni programu zinazojiwasha unapoingia kwenye kompyuta, na safu ya Startup impact inakuonyesha ipi inachelewesha zaidi. Kwa kila jina jiulize: nisipoiwasha mwenyewe, nitapungukiwa na nini? Spotify, Teams, Steam, wasaidizi wa printa na visasishi vya Adobe vinaweza kusubiri hadi uviite. Bofya kulia, Disable. Hujaifuta, umeinyima ruhusa ya kuamka yenyewe, na unaweza kuirudishia wakati wowote. Acha zinazohusu sauti, padi ya kugusa na ulinzi wa virusi.

Programu ikirudi hata baada ya hapo, inaamshwa kama huduma au kama kazi ya ratiba. Huduma zimo kwenye services.msc, ratiba kwenye taskschd.msc; andika majina hayo kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, yatafunguka. Visasishi vya kivinjari hujiwekea ratiba, na hilo ni sawa. Kazi ya ratiba inayoita powershell ikifuatiwa na mstari mrefu wa herufi zisizosomeka si sawa hata kidogo.

Kuzunguka sehemu zote hizo moja moja kunachosha, na kipo chombo kinachozikusanya: Autoruns. Ni cha bure, hupakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, na kilianzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, waasisi wa Sysinternals, kabla Microsoft haijainunua kampuni yao mwaka 2006. Kiendeshe kwa ruhusa ya msimamizi, fungua Options na uchague Hide Microsoft Entries. Orodha iliyokuwa na mamia ya mistari itabaki na michache ya kampuni nyingine. Mstari wa njano unaashiria faili ambalo halipo tena, mabaki ya programu iliyoondolewa. Wa waridi ni wa mtengenezaji asiyetambulika. Ndani ya Scan Options unaweza pia kuamuru kila faili liulizwe VirusTotal. Unapomshuku mtu, ondoa alama ya tiki tu, usifute. Andika kwenye karatasi ulichoondoa, anzisha upya, tazama. Kitu kimoja kwa mara moja, la sivyo hutajua kipi kilichoponya na kipi kilichoharibu.

Naisisitiza nidhamu hiyo kwa sababu ndiyo iliyomfikisha Russinovich kwenye jambo kubwa. Tarehe 31 Oktoba 2005 aliandika kwamba amekuta kwenye kompyuta yake faili na programu zilizofichwa zisionekane hata na Windows. Alifuata uzi hadi akafika kwenye CD ya muziki ya Van Zant iliyotolewa na Sony BMG, aliyoinunua kihalali. CD ilikuwa imesimika kinga ya kuzuia kunakili, ikajificha, na iliendelea kula sehemu ya prosesa hata CD ikiwa haimo. Jina lolote lililoanza na $sys$ lilitoweka machoni mwa Windows, na mahali hapo pa kujificha pakaanza kutumiwa na waandishi wa virusi. Sony BMG ilirudisha CD hizo kutoka madukani na kushtakiwa. Mwenye kompyuta ana haki ya kujua kinachoendeshwa ndani ya mashine yake, hata kilichowekwa na kampuni yenye jina kubwa.

Kirusi cha flashi

Mfano unaowakuta wasomaji wengi ni huu. Unachomeka flashi iliyotoka kwenye duka la kuchapisha au maabara ya shule, na unakuta folda zako zimegeuka kuwa njia za mkato, zenye mshale mdogo pembeni. Faili zako hazijafutwa, zimefichwa, na kila njia ya mkato ukiibofya inaita skripti. Watu huisafisha flashi, wanaichomeka tena, inachafuka ndani ya sekunde chache, wanaitupa. Flashi haikuwa na kosa. Kompyuta ndiyo iliyokuwa inaichafua.

Anza na kompyuta. Chomoa flashi, fungua Task Manager, Details, utafute wscript.exe. Hiki ni kiendesha skripti cha Windows, chenyewe hakina hatia, kwa hiyo Open file location itakupeleka System32 na utadhani kila kitu ni salama. Bofya kulia vichwa vya safu, Select columns, uongeze Command line. Sasa utaona skripti yenyewe iko wapi, mara nyingi faili la .vbs au .js ndani ya AppData au Temp. Iandike njia hiyo. Ifunge wscript, ingia Startup apps na uizime ile inayojitambulisha kama Microsoft Windows Based Script Host, tafuta kwenye ratiba kama ipo tena, ndipo ukaifute skripti. Usiiguse wscript.exe.

Anzisha upya, hakikisha haikurudi, ndipo uchomeke flashi. Tuseme imesomeka kama E. Fungua Command Prompt na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Subiri imalize. Folda zako halisi zitatokea. Futa njia za mkato na faili lolote la skripti usilolijua, kisha kagua flashi kwa Windows Security, kikagua virusi kilichomo ndani ya Windows. Kama herufi ya flashi yako si E, badilisha, na usikosee ukaandika C.

Kivinjari

Mara nyingi mtu anaposema kompyuta ina virusi vinavyomtishia kwenye kona ya chini ya skrini, hakuna kirusi chochote. Ni arifa za tovuti. Siku moja tovuti ya kutazama mpira au kupakua filamu iliuliza kama inaruhusiwa kutuma arifa, mtu akabofya Allow, na tangu hapo inatuma maonyo ya uongo. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, uondoe tovuti zote usizozihitaji. Kisha kagua viendelezi, hasa vinavyojiita vya kuponi, vya kubadilisha PDF au vya kupakulia video. Ukibonyeza Shift na Esc ndani ya Chrome au Edge, kivinjari kitakuonyesha tabo au kiendelezi gani kinachokula prosesa. Zima pia ruhusa ya kivinjari kuendelea kufanya kazi baada ya kufungwa. Kwenye mipangilio yote miwili imo chini ya neno System.

Anayejificha ukimtazama

Kuna programu chafu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako na prosesa yako, na baadhi yake huacha kazi mara Task Manager inapofunguliwa. Dalili yake ni hii: feni inanguruma, unafungua orodha, feni inatulia na orodha haionyeshi kitu. Fungua na ufunge mara kadhaa. Kama utulivu unafuatana na ufunguaji, pakua Process Explorer, nyingine ya Sysinternals, au amuru Windows Security ifanye ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Ukaguzi huo huanzisha upya mashine na kukagua kabla Windows haijawaka kikamilifu, pasipo nafasi ya mtu kujificha. Huchukua kama robo saa.

Wachimbaji hao huingia zaidi kupitia programu zilizokrakiwa na vyombo vya kuamilishia Windows au Office bila kulipa. Maelekezo yake karibu yote huanza na kuzima kikagua virusi. Najua bei ya leseni kwa mshahara wa huku, na simlaumu anayeshindwa kuilipa. Lakini LibreOffice ni ya bure na halali, inafungua hati za Word, na haikuombi kumfukuza askari getini. Ukiwa umewahi kutumia vyombo hivyo, ingia Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, uone orodha ya Exclusions. Folda iliyomo humo ambayo hukuiweka wewe ni mahali ambapo askari ameamriwa asitazame. Iondoe kwenye orodha, kisha ukague. Hapo hapo, chini ya App & browser control, washa kinga dhidi ya programu zisizotakiwa.

Na programu za kusafisha kompyuta? Sizipendekezi. Nyingi huonyesha makosa mamia ili ulipe, na hata inayoheshimika inaweza kugeuka: mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza programu yao ndani ya toleo la 5.33 la CCleaner, na watumiaji wapatao milioni 2.27 walilisimika wakidhani wanasafisha. Windows ina Storage Sense yake ya kufuta takataka, inatosha.

Ukikwama

Dalili ikiwepo na hujampata mhusika, gawa nusu kwa nusu. Andika msconfig kwenye kisanduku cha kutafutia, ingia Services, na kabla ya yote weka tiki kwenye Hide all Microsoft services. Ukiiruka hatua hiyo unaweza kuzima huduma zinazokuwezesha kuingia kwenye mashine. Zilizobaki zizime zote, zima na za Startup, anzisha upya. Dalili ikitoweka, washa nusu ya huduma. Ikirudi, mhusika yumo ndani ya nusu hiyo. Isiporudi, yumo kwenye nyingine, au kwenye zile za Startup ulizozizima. Huduma 16 zinamalizwa kwa kuanzisha upya mara nne zaidi. Mwishoni rudisha zote isipokuwa yule mmoja, na uiondoe programu yake kupitia Settings, Apps, si kwa kufuta folda yake.

Kuna wakati wa kuacha kusaka. Kama Windows Security inakataa kuwaka, kama kilichofutwa kinarudi kwa jina jipya kila siku, au kama akaunti zako zimeanza kuingiliwa, nakili hati na picha pekee kwenye diski ya nje, wala usinakili programu, kisha ingia Settings, Recovery, Reset this PC. Chagua Remove everything. Utaulizwa kama Windows ishushwe upya kutoka intaneti au itumie iliyomo. Cloud download ni safi zaidi ila inaweza kula zaidi ya GB 4, hivyo pima na bando lako. Wakati mashine ikiendelea, chukua simu na ubadilishe nywila kutoka huko: barua pepe kwanza, kwa sababu kwayo nywila nyingine zote hubadilishwa, halafu benki.

Windows ikishasimama upya, sasisha hadi mwisho. Kabla hujaweka programu hata moja, fungua Startup apps na Autoruns na upige picha orodha zake kwa simu. Kila utakapoongeza programu, rudi uone imejiandikisha wapi. Mwezi ujao feni ikianza kunguruma, utakuwa na orodha ya kulinganisha.